Gunia

Kazi yangu ilikuwa kuburuta gunia.
Elfu tano, na chai ya rangi kwenye kikombe cha bati:
kuanzia lango la kiwanda, kushuka bonde la vinyungu,
kupanda tena hadi bwawani, kwenye mikaratusi.
Ndani ya gunia, ngozi kuukuu iliyolowekwa
katika kitu walichokileta kwenye chupa yenye kizibo cha nta.
Sikuuliza. Mkono ulinuka hadi Jumatano.
Tuponile, mke wangu, alinitengea sahani yangu peke yangu.

Walisema: hatuwindi.
Mbwa wanafuata harufu, farasi wanafuata mbwa,
sisi tumekaa juu ya farasi, basi.
Ni mchezo wa kukimbiza kitu kisichokuwepo.
Na mimi nilikuwa mbele yao, nusu saa mbele,
mtu mzima wa miaka arobaini na miwili
nikijifanya mnyama katika baridi ya Juni,
ile ambayo Mufindi haipunguzi bei.

Lakini mbwa hajasoma makubaliano.
Pua yake haijui ipi ya chupa, ipi yenye pumzi.
Pale kijitoni, chini ya mianzi ya ulanzi ya Mhongole,
njia yangu ilikata kulia.
Wao wakakata kushoto.

Nilisikia sauti ikigeuka.
Aliyewahi kufuga mbwa anajua:
kuna kubweka kwa kutafuta
na kuna kubweka kwa kupata.
Kwato zikapita juu ya majimbi ya watu.

Nilipofika, minde alikuwa amekaa.
Nasema amekaa kwa kuwa sina neno lingine;
miguu ya nyuma ilikuwa imekwisha kuacha kazi.
Mnyama wa giza, rangi ya sufuria iliyozoea kuni,
kishungi chekundu katikati ya pembe.
Baba alimwona mara mbili tu maishani,
na mara zote mbili alirudi nyumbani
hataki kuulizwa chochote.

Binti mmoja juu ya farasi akavua kofia.
Mwenzake akasema: bahati mbaya.
Ilikuwa bahati mbaya ya nne tangu Pasaka.
Nilikuwa nazihesabu
kwa mafundo kwenye kamba ya gunia.

Siku ya mkutano wa kijiji nilikwenda na ile kamba.
Mimi si msemaji. Nilimpa mwenyekiti, nikamwambia: shika.
Akapitisha vidole, fundo, fundo, fundo, fundo,
akaitazama kama mtu aliyepewa nyoka aliyelala.

Ndipo meneja wao akasimama,
Kiswahili chake kizuri kuliko changu:
"Sawa. Na nyaya zenu?"

Ukungu uliingia dirishani, hakuna aliyeufungia.
Kila mtu alitazama viatu vyake.
Mimi nilitazama vya shemeji yangu Fwime,
mwenye mitego kumi na mmoja juu ya chemchemi,
na ambaye nyama yake, Krismasi iliyopita,
nilikula nikaomba mchuzi.

Mama Kihwele, muuza viazi wa Nyololo,
alisema bila kuinuka kwenye benchi:
"Andika na nyaya. Kwani kalamu si hiyo hiyo?"

Mikono ilipanda polepole, kama maji ya makande.
Wa Fwime ulikuwa wa mwisho, na haukunyooka.

Sikurudi nyumbani shujaa. Elfu tano ni elfu tano.
Januari tuliuza nguruwe mdogo kwa ajili ya karo,
na Tuponile hakunisifu; alinirudisha tu
kwenye sahani ya wote.

Farasi bado wanapita, bila mbwa, bila baragumu.
Nawapenda, siwezi kukana, jasho lao na mvuke wao.
Minde sijamwona. Sitegemei.

Gunia nimelifua kwa majivu mara tatu,
sasa linatunza mbegu za viazi.
Mbwa wangu hulinusa kila jioni,
hunitazama mimi, hulitazama gunia,
hunitazama tena,
kama anayejumlisha.